Je, Wajua? Majarida ya Gemu Yaliyoandikwa na Wasomaji

JE, WAJUA kuwa Game Freak, kampuni iliyotengeneza Pokémon, ilianza ikiwa kijarida cha kuandikwa kwa mkono? Mwaka 1983 kijana wa Kijapani, Satoshi Tajiri, aliandika mbinu za kushinda gemu, akapiga fotokopi, akabana kurasa kwa stepla na kuanza kuuza. Msomaji mmoja, Ken Sugimori, alikiona dukani, akamtafuta Tajiri na kuwa mchoraji wake. Mwaka 1989 jarida liligeuka kampuni. Pokémon ilitoka mwaka 1996, na Sugimori huyo huyo ndiye aliyeongoza uchoraji wa viumbe wake.

Je, wajua kuwa zamani gemu uliweza kuinunua ikiwa imechapwa kwenye karatasi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasomaji walituma programu walizoandika wenyewe, mhariri akazichapa mstari kwa mstari, na aliyenunua jarida akaketi mbele ya kompyuta ya Commodore 64 au ZX Spectrum kuzinakili zote. Mistari mia na ushei, kidole kimoja kimoja. Nukta ikikosekana mahali pake, gemu inagoma, na hujui kosa liko wapi.

Ndipo mwaka 1983 jarida la Marekani, Compute!'s Gazette, lilipowaletea wasomaji wake Automatic Proofreader, programu ndogo ya kukagua makosa. Mwisho wa kila mstari uliochapwa jaridani paliwekwa namba. Ukishaandika mstari na kubonyeza RETURN, programu hiyo ilionyesha namba yake juu ya skrini. Ukiona namba hizo mbili hazilingani, unarudia mstari huo huo kabla ya kuendelea. Ujanja wake ulikuwa kujumlisha thamani za herufi, na hapo hapo palikuwa na pengo: aliyeandika 12 mahali pa 21 alipata jumla ile ile, kosa likapita. Baadaye lilitolewa toleo lililotazama pia mpangilio wa herufi. Kazi ile ilichosha, lakini ilikuwa shule. Mtu hawezi kunakili mistari yote hiyo asianze kujiuliza kila mmoja unafanya nini, kisha akabadilisha namba moja kuona kitakachotokea.

Je, wajua waliotuma programu zao walifika wapi? Mapacha wa Uingereza, Philip na Andrew Oliver, gemu yao Road Runner ilichapwa katika Computer and Video Games mwaka 1984 wakiwa bado wanafunzi. Miaka mitatu baadaye waliibuka na gemu ya Dizzy, yai linalotembea, likapendwa sana nchini mwao. Japani, Koichi Nakamura alikuwa akituma programu zake kwa jarida la I/O tangu akiwa sekondari. Baadaye alikuwa mmoja wa waliotengeneza gemu ya Dragon Quest ya mwaka 1986. Afrika Kusini nako, mwaka 1984, jarida la PC and Office Technology lilichapa gemu ya vyombo vya angani iitwayo Blastar. Mwandishi wake, aliyelipwa dola 500, alikuwa mvulana aitwaye Elon Musk.

Je, wajua kuwa kuna gemu zilizopita hewani? Belgrade, Yugoslavia, kuanzia mwaka 1983, mtangazaji Zoran Modli alirusha sauti za programu za kompyuta katika kipindi chake cha redio, Ventilator 202. Wasikilizaji waliandaa kinasa sauti nyumbani, wakarekodi ule mlio kwenye kaseti, kisha wakaupakia kwenye kompyuta zao. Nyingi zilikuwa kazi za wasikilizaji wenyewe, waliozituma redioni. Hakuna usambazaji wa bei nafuu kuliko huo, nami nauhesabu kuwa ubunifu mkubwa kuliko mashine nyingi zilizosifiwa enzi hizo.

Je, wajua kuwa kuna jarida uliloweza kulirudisha kwa posta? Softdisk la Marekani, lililoanza mwaka 1981, lilitoka kwenye diski. Mwanzoni msomaji aliirudisha diski ikiwa na maoni yake, akatumiwa toleo jipya. Vijana walioanzisha kampuni ya id Software, waliotuletea gemu ya Doom, walikutana wakifanya kazi katika kampuni iliyochapisha jarida hilo.

Je, wajua kuwa jarida la Crash, la mji mdogo wa Ludlow, Uingereza, liliwatumia wanafunzi wa shule ya hapo kuhakiki gemu? Kila gemu ilipewa wahakiki zaidi ya mmoja, na maoni yao yalichapwa hata walipopingana. Ukurasa wa barua uliongozwa na Lloyd Mangram, ambaye hakuwahi kuzaliwa: lilikuwa jina tu la wahariri.

Je, wajua jinsi majarida yalivyoficha majibu ya gemu? Katika gemu za hadithi, msomaji aliyekwama aliandika kuomba msaada, na mwenzake aliyevuka alimjibu. Ili wengine wasiharibiwe utamu, jibu liliweza kuchapwa kinyumenyume. Jaribu hili: AILUZ AY INIHC OKU OUGNUFU. Ukilisoma kutoka mwisho, mlango unafunguka.

Je, wajua kuwa kitabu cha kwanza cha kompyuta kuuza nakala milioni moja kilikuwa cha gemu? Ni BASIC Computer Games cha David Ahl. Toleo lake la awali, la mwaka 1973, lilikusanya programu ambazo wasomaji wa jarida alilolihariri walikuwa wakimtumia.

Nawe unayejua njia ya siri katika gemu unayoicheza, iandike. Chora ramani, mwombe rafiki aandike uhakiki wa kukupinga, kisha unganisha kurasa kumi mzisambaze kwa WhatsApp au kwa fotokopi. Na toleo la kwanza liwe na ukurasa wa barua, tena mzima.