Kwa Nini Nyimbo za Matangazo Tulizozisikia Utotoni Hazisahauliki

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Kwa kawaida methali hii hutolewa kuwahimiza wazazi wawafunze watoto wao adabu na kazi mapema. Lakini wako watu wengine walioielewa maana yake barabara, nao si wazazi wala walimu: ni watengenezaji wa matangazo ya biashara. Mtu wa miaka 60 aliyekwisha kusahau kanuni za hesabu alizofundishwa shuleni, na pengine hata majina ya nusu ya wanafunzi wenzake, aghalabu huweza kuuimba mwanzo hadi mwisho wimbo mfupi uliosifu sabuni, dawa ya meno au kinywaji katika siku za utoto wake. Tena huuimba kwa furaha, na akikutana na watu wa rika lake wataimba pamoja na kucheka, kila mmoja akitamani siku zile zirudi.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini linastahili kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, linatuonyesha jinsi ubongo unavyochagua mambo ya kuhifadhi. Pili, mapenzi yanayobaki moyoni baada ya wimbo kunyamaza huweza kuongoza uamuzi wa mtu mzima juu ya chakula chake na afya yake, naye asijue kwamba anaongozwa.

Asili ya nyimbo hizi

Wimbo wa tangazo ulizaliwa redioni kabla ya kuhamia kwenye televisheni. Tarehe 24 Desemba, 1926, wanaume wanne waliimba katika kituo cha redio cha mjini Minneapolis, Marekani, wakisifu Wheaties, chakula cha asubuhi kinachotengenezwa kwa ngano. Miaka michache baadaye kampuni ilikuwa tayari kuacha kukitengeneza chakula hicho kwa kuwa hakikuwa na soko. Hesabu za mauzo zilipoangaliwa vizuri, ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya bidhaa yote ilikuwa ikinunuliwa katika eneo lile lile ambako wimbo ulikuwa ukisikika. Chakula hakikuachwa, bali wimbo ulienezwa nchi nzima.

Televisheni nayo haikukawia kufuata. Tangazo la kwanza la kulipiwa katika televisheni ya Marekani lilionyeshwa mjini New York tarehe 1 Julai, 1941, nalo lilihusu saa za Bulova. Huko Uingereza tangazo la kwanza lilionyeshwa tarehe 22 Septemba, 1955, likihusu dawa ya meno ya Gibbs SR. Katika Afrika Mashariki, Kenya ilianza kutangaza kwa televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilipata televisheni yake katika miaka ya mwanzo ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo watu wengi wa Bara waliokuwa watoto kabla ya mwaka huo huzikumbuka nyimbo za redioni, hasa zile za Idhaa ya Biashara ya Redio Tanzania. Tofauti hiyo haibadili kiini cha jambo letu, maana katika tangazo la kuimbwa sikio ndilo linalobeba mzigo mkubwa kuliko jicho.

Ubongo hushikaje wimbo?

Sababu ya kwanza ni kurudiwa. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba tunayojifunza hupotea upesi sana katika saa na siku za mwanzo, lakini kila mara tunapoyarudia, kusahau hupungua kasi. Na marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Hebu tuulinganishe uchunguzi huo na wimbo wa tangazo. Mtoto huusikia leo jioni, kesho jioni, na jioni nyingine nyingi kwa miezi au miaka. Ni walimu wachache sana wanaoweza kulirudia somo lao kwa namna hiyo.

Sababu ya pili ni mahadhi yenyewe. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani, Wanda Wallace, alionyesha kwamba maneno yanayoimbwa hukumbukwa vizuri zaidi kuliko maneno hayo hayo yakisemwa, maadamu msikilizaji amepata kuyasikia mahadhi yakirudiwa mpaka akayazoea. Mahadhi humjulisha mwimbaji idadi ya silabi zinazotakiwa, mahali pa kuweka mkazo na mahali pa kupumua. Vina navyo humbana: neno moja likikosekana, mengi hayawezi kulijaza pengo lake. Wasemaji wa Kiswahili hawahitaji kuambiwa sana juu ya jambo hili. Mizani na vina vya tenzi zetu vimewawezesha watu, hata wasiojua kusoma, kuhifadhi beti nyingi vichwani mwao na kuwarithisha watoto wao. Mtengenezaji wa tangazo ametwaa chombo hicho hicho cha kale akakitia kazi ya kuuza sabuni.

Wimbo uliozoeleka sana hufikia hatua ya kujiimba wenyewe. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, wataalamu wa Marekani waliwasikilizisha watu nyimbo mbalimbali huku mashine ikipima utendaji wa ubongo, kisha wakakata sauti kwa ghafula kwa sekunde chache. Ulipokatwa wimbo uliojulikana, ile sehemu ya ubongo inayopokea sauti iliendelea kufanya kazi zaidi kuliko ulipokatwa wimbo mgeni. Wasikilizaji wenyewe walisema kwamba waliendelea kuusikia wimbo ule waliouzoea, ingawa masikioni mwao palikuwa kimya.

Sababu ya tatu inahusu kupenda. Mwaka 1968 mtaalamu wa saikolojia, Robert Zajonc, aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana, alama mfano wa maandishi ya Kichina, na picha za nyuso za watu wasiowajua. Kadiri kitu kilivyoonyeshwa mara nyingi zaidi, ndivyo walivyoelekea kukipenda zaidi, ijapokuwa hakuna lolote jema waliloelezwa juu yake. Mazoea peke yake yalitosha kuzaa upendo.

Kinachotamaniwa si sabuni

Mwaka 1688 mwanafunzi wa utabibu aliyeitwa Johannes Hofer alitoa tasnifu mjini Basel, Uswisi, juu ya ugonjwa uliowapata watu waliokuwa mbali na kwao. Aliuita nostalgia, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kurudi nyumbani na maumivu. Siku hizi wataalamu hawaihesabu hamu hiyo kuwa ugonjwa. Huiona kuwa hisia ya kawaida yenye utamu na huzuni kwa pamoja, nayo humsaidia mtu kujiona kwamba yeye ni yule yule aliyekuwa zamani, na kwamba wako watu waliompenda.

Wachunguzi wametambua pia kwamba watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao hukumbuka mambo mengi kupita kiasi yaliyotokea walipokuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Muziki wa ujana nao huwa na nguvu hiyo. Mwaka 2009 Petr Janata, mtaalamu wa California, alionyesha kwamba wimbo unaomkumbusha mtu maisha yake huiamsha sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hushughulika vilevile na mawazo ya mtu juu ya nafsi yake.

Basi wimbo wa tangazo hauhifadhiwi peke yake. Pamoja nao huhifadhiwa chumba ulimosikika, harufu ya chakula cha jioni, sauti ya mama akiita watoto wakanawe, na ndugu ambao pengine wamekwisha kufariki. Anayeutamani wimbo huo anawatamani watu hao. Hapana ubaya wowote katika kutamani huko. Tatizo ni kwamba jina la bidhaa limefungwa katika furushi moja na mama na ndugu, nalo hupokea sehemu ya upendo ambao halikuustahili.

Wimbo uliozimwa hewani

Mfano ulio wazi kabisa ni ule wa sigara za Winston za Marekani. Wimbo wake ulianza kusikika mwaka 1954 ukaenea nchi nzima. Mwaka 1960 ilipoanza katuni ya The Flintstones, iliyopendwa na jamaa nzima, Winston ilikuwa miongoni mwa wafadhili wake, na wahusika wa katuni hiyo walionyeshwa katika matangazo wakivuta sigara hizo kwa raha. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa taarifa mashuhuri iliyothibitisha kwamba sigara huleta kansa ya mapafu. Mwezi wa Aprili mwaka 1970 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya kuyaondoa matangazo ya sigara katika redio na televisheni, na yale ya mwisho yalionyeshwa tarehe 1 Januari, 1971, hata usiku wa manane.

Tangu usiku huo imepita zaidi ya nusu karne. Hata hivyo, Wamarekani wengi waliokuwa watoto katika miaka ya 1960 wangali wanaujua wimbo ule neno kwa neno, wakiwamo waliowazika wazazi wao kwa maradhi ya mapafu. Sheria iliweza kuuzima hewani, lakini haikuweza kuwatoa kichwani.

Hatari kwa mtoto inatokana na umri wake. Kwa kawaida watoto walio chini ya miaka 7 au 8 hawajatambua vyema kwamba tangazo lina nia ya kumshawishi mtu anunue. Wao huliona kama hadithi au burudani. Picha na sauti huingia, lakini mlinzi wa kuzihoji hajafika kazini. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1991, watoto wadogo walipewa alama za biashara wazilinganishe na picha za bidhaa. Katuni ya ngamia aliyetangaza sigara za Camel katika magazeti na mabango ililinganishwa na sigara na watoto 30 hivi katika kila 100 wenye miaka 3, na watoto 91 katika kila 100 wenye miaka 6. Kampuni iliacha kumtumia ngamia huyo mwaka 1997.

Yaliyoingia hivyo hayafutiki upesi. Mwaka 2014 Paul Connell na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu wazima waliokuwa wameyaona utotoni matangazo ya vyakula yenye wanyama na vikaragosi vya kuchekesha. Waliobaki na mapenzi kwa vikaragosi hivyo walielekea kuamini kwamba vyakula vile vina manufaa zaidi kwa mwili kuliko ilivyo kweli, na wale wenye mapenzi makubwa ndio waliosita zaidi kuirekebisha imani hiyo. Mtu wa namna hii akimnunulia mtoto wake chakula chenye sukari nyingi, hudhani amekipima kwa akili, ilhali ni ule upendo wa zamani unaonena.

Hata kumbukumbu yenyewe haiaminiki daima. Elizabeth Loftus na wenzake waliwaonyesha watu tangazo bandia la Disneyland, lenye picha ya sungura Bugs Bunny. Baadhi yao walisema baadaye kwamba walipokwenda huko utotoni walipeana mkono na sungura huyo. Jambo hilo haliwezekani, kwani Bugs Bunny ni mali ya kampuni nyingine, nayo Disneyland haimtumii.

Tufanye nini?

Nchi kadhaa zimeamua kumlinda mtoto kwa sheria. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipiga marufuku mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13, na Uswidi huyazuia katika televisheni yake yale yanayowalenga walio chini ya miaka 12. Lakini marufuku si njia pekee. Kuanzia mwaka 1967 vituo vya Marekani vilitakiwa kutoa nafasi kwa matangazo ya kueleza madhara ya sigara, na katika miaka iliyofuata uvutaji wa sigara kwa kila mtu ulipungua. Matangazo ya sigara yalipoondolewa mwaka 1971, hayo ya kuzipinga nayo yalipungua sana. Hapa pana funzo kwa wanaoshughulikia elimu ya afya: chombo kinachoweza kupanda jina la sigara kwa miaka 50 chaweza vilevile kupanda desturi ya kunawa mikono au kuchemsha maji ya kunywa, almradi ujumbe utungiwe mahadhi mazuri na urudiwe kwa muda mrefu. Kipeperushi kinachosomwa mara moja hakiwezi kushindana nao.

Wazazi nao wana kazi nyepesi isiyohitaji sheria. Tangazo linapoimbwa, mzazi na amwulize mtoto: Ni nani anayeimba, na anataka tununue nini? Swali hilo likirudiwa mara nyingi, nalo litahifadhiwa pamoja na wimbo.

Nasi watu wazima tusione haya kuziimba nyimbo zetu za zamani, kwani ndani yake wamo watu wetu. Lakini tunapofika dukani, yafaa tuigeuze pakiti na kusoma yaliyoandikwa nyuma yake, maana maandishi hayo hayakutungiwa mahadhi.