Usukani Ukianza Kuguna: Pampu Ikarabatiwe au Ibadilishwe?

Barabara ya kuteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate ina kona nyingi kali, na dereva wa gari kuukuu huijua hapo hali ya usukani wake kabla hajaambiwa na fundi. Gari huanza kuguna kila linapokata kona. Siku nyingine, akiwa amepunguza mwendo nyuma ya lori, usukani hukataa ghafla na kuwa mzito mikononi mwake.

Wenye magari wengi wakifika gereji huambiwa neno moja tu: "Pampu imekwisha." Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine kasoro ni klipu iliyolegea au oringi ya bei ndogo, na mwenye gari analipia pampu nzima ambayo hakuihitaji. Kwa mtu anayetegemea gari hilo kubeba abiria au mboga kwenda sokoni, tofauti hiyo ni mapato ya siku kadhaa.

Katika Toyota Corolla za miaka ya 1990, Hiace za zamani na pikapu nyingi ambazo bado ziko kazini, pampu ya pawa stering huzungushwa na injini kwa mkanda. Ndani yake mna rota yenye mifereji, na katika kila mfereji mna kibamba cha chuma kinachoteleza kuingia na kutoka. Rota inapozunguka, vibamba hivyo hutoka nje na kuambaa ukuta wa pete yenye umbo la yai, vikiyavuta mafuta upande mmoja na kuyasukuma upande wa pili kwa nguvu. Mafuta hayo ndiyo yanayoisaidia mikono ya dereva. (Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni husaidiwa na mota ya umeme, hayo yana mambo yake.)

Pampu ikichoka, dalili huonekana kwanza wakati wa kuegesha. Injini wakati huo inazunguka polepole, kwa hiyo pampu nayo husukuma mafuta machache, ilhali magurudumu yaliyosimama ndiyo magumu zaidi kugeuza. Pampu ikifa kabisa gari bado hukata kona, kwa kuwa usukani umeunganishwa na magurudumu kwa vyuma. Hatari ni kwamba dereva hakutarajia uzito huo, na kona haimsubiri ajipange. Mkanda ukikatika mambo huwa mabaya zaidi katika magari ambayo mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, kwani injini huchemka muda mfupi baadaye.

Kabla ya kukubali kununua chochote, boneti ifunguliwe na chombo cha mafuta ya usukani kitazamwe. Mafuta yakiwa chini ya alama, kuna mahali yanavuja, na kuongeza tu hakutibu. Yakiwa na povu, hewa inaingia, na mara nyingi huingia kupitia mpira wa kuvuta mafuta ulio kati ya chombo na pampu. Mpira huo hukauka na kupasuka kwa joto la injini bila kudondosha mafuta mengi, ndiyo sababu mafundi wengi huuruka. Kubadilisha mpira na klipu kumemaliza kelele katika magari mengi ambayo tayari yalikuwa yamehukumiwa kubadilishiwa pampu. Baadhi ya vyombo vina kichujio chini. Kikiziba, pampu hukosa mafuta na kulia vilevile.

Sauti nayo hueleza mengi. Mlio mwembamba wa kukwaruza, hasa asubuhi au usukani unapokatwa hadi mwisho, ni wa mkanda uliolegea au uliochakaa. Mguno mzito unaopanda pamoja na kasi ya injini, huku mafuta yakiwa safi na ya kutosha na mkanda ukiwa mzima, ndio wa pampu. Mafuta yakiwa meusi na yenye vumbi linalometa kwenye jua, hilo ni chuma cha pampu yenyewe na shaka inakwisha.

Kosa moja huua pampu nyingi nzima: kumimina mafuta yoyote yaliyo karibu. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF ya aina ya Dexron, ilhali Honda ina mafuta yake maalum. Mafuta ya breki hayafai kabisa. Huvimbisha na kulainisha sili za usukani, na baada ya hapo kila kiungo huvuja.

Pampu inayovuja kwenye shafti lakini haigunii inafaa kukarabatiwa. Fundi hununua seti ya sili na oringi, huifungua pampu juu ya meza safi na kuirudisha. Akiifungua, mwenye gari aombe kuiona ile pete ya ndani. Ikiwa laini, kazi iendelee. Ikiwa na mikwaruzo inayokwama ukucha, sili mpya ni pesa za kutupa, kwa sababu shinikizo litapotelea kwenye mikwaruzo hiyo.

Hapo ndipo pampu nyingine huhitajika, na wengi huchukua iliyotumika kutoka Japani kwa kuwa mpya ni ghali. Izungushwe kwa mkono kabla ya kulipiwa. Inapaswa kuzunguka bila kukwama, na shafti isicheze huku na huku. Mafuta yaliyobaki ndani yasinuke kuungua. Puli yake ilingane na ya zamani kwa kipenyo na idadi ya mifereji, la sivyo mkanda utakula upande. Puli iliyokazwa kwa kushindiliwa itolewe kwa kifaa chake. Nyundo huharibu beringi ya pampu ambayo haijafanya kazi hata siku moja.

Kazi inayorukwa zaidi ni kusafisha mfumo. Vumbi la chuma la pampu ya zamani limebaki kwenye mipira na raki, na likiachwa humo litaila pampu mpya kwa njia ile ile. Mpira wa kurudisha mafuta uelekezwe kwenye kopo, mafuta mapya yapitishwe hadi yatoke safi. Kisha magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki na kuwekewa stendi, na usukani uzungushwe kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, mafuta yakiongezwa, mpaka mapovu yaishe. Injini iwashwe baada ya hapo. Usukani usishikiliwe ukiwa umekatwa hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde chache. Mafuta huchemka na pampu huumia.

Mafuta yaliyotolewa yasimwagwe mtaroni. Yawekwe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaokusanya oili chafu, kwani mitaro ya mjini huishia mitoni na mashambani.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Inamtaka fundi atoe makadirio ya gharama kabla ya kazi, na ajitolee kumrudishia mwenye gari vipuri alivyovitoa. Pampu ya zamani ikiombwa, basi, hakuna aliyekosewa adabu.

Baada ya siku 2 au 3 za kuendesha, injini ikiwa imepoa, chombo kifunguliwe tena. Kiwango kikiwa kimeshuka, gari lirudishwe kwa fundi kabla pampu haijakauka.