Wawili Baharini, Mmoja Macho

Agosti 2013, mashua za matanga zaidi ya 300 ziliondoka Cowes, kusini mwa Uingereza, kwenda kuzunguka mwamba wa Fastnet ulio kusini-magharibi mwa Ireland na kumalizia Plymouth. Njia hiyo ilikuwa na maili za baharini zipatazo 608, na mbio zake zilianza mwaka 1925 kwa mashua saba tu. Mashua kubwa zilikuwa zimesheheni mabaharia. Kombe la mshindi wa jumla, hata hivyo, lilikwenda kwa Night and Day, mashua ya urefu wa futi 33 hivi, iliyoendeshwa na Pascal Loison na mwanawe Alexis, Wafaransa wa Cherbourg. Hawakuwa na mtu wa tatu. Katika miaka 88 ya mbio hizo, watu wawili peke yao hawakuwa wamewahi kushinda.

Haikuwa bahati ya siku moja. Mwaka 2025, mbio zilipotimiza miaka 100, Alexis alishinda tena kwa mtindo uleule, safari hii akiwa na Jean-Pierre Kelbert, mwenye karakana iliyounda mashua zote mbili zilizompa ushindi.

Wawili wanawezaje kuwashinda watu ishirini? Sehemu ya jibu imo katika hesabu. Katika mbio za namna hii anayefika kwanza si lazima awe mshindi wa jumla. Kila mashua hupimwa kabla: urefu, uzito, ukubwa wa matanga. Vipimo hivyo huipa namba yake, na muda iliotumia baharini huzidishwa kwa namba hiyo. Mashua ndogo hupewa namba ndogo. Kwa hiyo yenye kasi inaweza kutangulia kwa zaidi ya siku nzima na bado ikazidiwa kwenye karatasi na ndogo iliyotumia vizuri kila upepo iliyoupata.

Pia wanaokimbia wawili wawili huruhusiwa kutumia mtambo unaoshika usukani wenyewe. Mtambo huo ni kama baharia wa tatu asiyekula wala kusinzia, lakini hauoni wimbi linalokuja, hauoni meli, wala haujui kupunguza tanga. Kazi hizo zimebaki za binadamu, na usiku mara nyingi ni za binadamu mmoja, kwa sababu mwenzake amelala.

Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe wa mchezo huu. Anayeutazama kutoka pwani huona matanga na kamba, lakini kinachoshindaniwa usiku ni usingizi. Mashua ya ukubwa huo ikiwa na mabaharia sita au saba hugawanya zamu bila shida: nusu wanakesha, nusu wanapumzika. Wawili hawana nafasi hiyo. Mmoja akiingia chini kulala, aliyebaki juu ndiye nahodha, mshika usukani, mlinzi na mpiga hesabu za njia. Karibu na nchi kavu, kwenye mikondo, miamba na mashua za uvuvi, huenda wote wakabaki macho. Bahari ikifunguka, zamu huwa ya saa moja, saa moja na nusu, pengine mbili.

Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa makini. Claudio Stampi, mtafiti wa Kiitaliano ambaye naye ni baharia, alitumia miaka mingi kuchunguza namna wanamaji wa peke yao wanavyolala vipande vipande. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na anayeamshwa akiwa katika usingizi mzito huinuka amepumbaa, hawezi kuamua jambo kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana mabaharia hawa hulala ama kidogo sana, dakika ishirini hivi, ama mzunguko mzima. Hatari zaidi ni kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, wakati mwili wenyewe unadai kuzimika. Jozi nzuri hupanga mapema nani atazishika saa hizo, na humlaza mchana, hata kama hajisikii usingizi.

Kulala wakati jua linawaka na mbio zimepamba moto si jambo jepesi. Mshindani huona anapoteza muda. Lakini anayejifanya shujaa mchana humlipisha mwenzake usiku, na waliozoea mbio hizi huheshimu zamu ya kulala sawasawa na zamu ya usukani.

Mkeshaji naye ana mengi ya kusoma gizani. Taa za meli zina lugha yake: nyekundu iko upande wa kushoto wa meli, ya kijani upande wa kulia. Akiona zote mbili kwa pamoja, meli imemwelekea. Meli inayokwenda maili 20 kwa saa ikikutana uso kwa uso na mashua inayokwenda maili saba, pengo la karibu maili saba humalizika katika robo saa. Macho huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza, na taa moja nyeupe ya chumbani hulifuta zoea hilo mara moja. Kwa hiyo ramani husomwa kwa taa nyekundu hafifu.

Halafu kuna maji yenyewe. Katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, kujaa na kupwa huleta mikondo yenye nguvu kwenye rasi kama Portland Bill. Mashua ikichelewa hapo na upepo ukalegea, inaweza kuonekana inakwenda mbele huku kwa kweli inarudi nyuma. Mabaharia wenye akili hutia nanga katikati ya mashindano, wakasubiri maji yageuke. Huenda ndiyo nafasi pekee ya wote wawili kupata chakula cha moto.

Hofu kubwa kuliko zote ni mtu kuanguka majini. Mbio za Fastnet zina kumbukumbu chungu: mwaka 1979 dhoruba ilizikumba mashua 303 zilizokuwa mashindanoni, washindani 15 wakafa na mashua 24 zikatelekezwa. Kwa jozi, hesabu ya hatari ni katili zaidi. Aliyelala anaweza kuamka akakuta sitaha haina mtu, na msaada wote wa mwenzake ni yeye. Kwa sababu hiyo mkeshaji hujifunga kwa mkanda kwenye kamba iliyotandazwa kutoka tezi hadi omo, na jaketi lake la kujiokolea huwa na kifaa cha kutangaza mahali alipo. Kanuni za usalama za mbio kubwa hutaka watu wasiopungua wawili katika kila mashua wawe wamefunzwa kujiokoa baharini. Kwenye mashua ya wawili maana yake ni wote.

Pamoja na hatari hizo, mchezo umekua. Wakati wa korona, mwaka 2020, klabu nyingi ziliona kwamba mbio za watu wawili zingeweza kuendelea pale ambapo kundi la watu saba halikuruhusiwa kukaa pamoja. Shirikisho la matanga duniani lilikuwa tayari limependekeza mbio za mwanamke na mwanamume kwa Olimpiki ya Paris 2024, zikikesha baharini kwa siku kadhaa. Kamati ya Olimpiki ilizikataa mwaka 2021. Ilikuwa hasara kwa mchezo ambao mwanamke na mwanamume wangeshindana humo kama jozi, ambapo kujua kupumzika na kusoma hali ya hewa kuna thamani sawa na misuli.

Waunda mashua hawakungoja Olimpiki. Sun Fast 3300 ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 2019, ilichorwa kwa ajili ya watu wachache tangu mwanzo. Ina usukani pacha majini. Mashua inapolala upande kwa nguvu ya upepo, usukani mmoja unaweza kuinuka juu ya maji, lakini wa pili husimama wima ndani yake. Mashua haiponyoki kirahisi, mtambo wa kujiongoza haushindwi upesi, na mkeshaji anaweza kukunja tanga peke yake bila kumwamsha mwenzake kabla zamu yake haijafika.