Mboni ya Bibi na Kofia ya Viua

Huko Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, bibi anayeshona kofia ya viua hangoji jioni. Jua likipanda kidogo hutoka barazani na mkeka wake, akainamia kitambaa na kuzungushia uzi tundu moja baada ya jingine, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Kivuli kikimfikia, husogea. Ndani ya nyumba mjukuu wake huyaona matundu hayo vizuri tu kwa mwanga wa dirisha. Bibi hayaoni. Miwani anayo, na bado hayaoni.

Watu husema ni uzee, na mazungumzo huishia hapo. Lakini uzee huo una mahali pake hasa, na sehemu moja kubwa ni mboni.

Mboni, ambayo wapenzi wa pwani huitana kwayo, ni uwazi tu. Weusi wake si rangi bali ni giza la ndani ya jicho. Duara la kahawia linaloizunguka lina misuli miwili: mmoja hubana kama uzi wa mdomo wa mfuko, mwingine umetandazwa kama spoki za baiskeli na huvuta kwenda nje. Mwanga ukiingia, habari hukimbia hadi kwenye shina la ubongo na kurudi, na baada ya kiasi cha sehemu moja ya tano ya sekunde mboni huanza kubana. Hubana zote mbili, hata likimulikwa jicho moja. Simama mbele ya kioo, ziba jicho moja kwa kiganja, kisha ondoa mkono ghafla huku ukilitazama lile jingine. Utaiona mboni yake ikinywea.

Gizani, mboni ya kijana wa miaka 20 hutanuka hadi karibu milimita 7. Ya mzee wa miaka 80 huishia kwenye 5, pengine chini yake. Milimita 2 zinaonekana kidogo, lakini mwanga hupita kwa kadiri ya eneo, na tundu la milimita 5 lina nusu tu ya eneo la lile la 7. Ongeza lenzi ambayo kwa miaka imekuwa na umanjano, na inakadiriwa kuwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtu wa miaka 60 hupata thuluthi ya mwanga anaoupata kijana.

Mwaka 1994 mtafiti Barry Winn na wenzake walichapisha vipimo vya watu 91 wenye umri wa miaka 17 hadi 83. Katika kila kiwango cha mwanga walichotumia, mboni ilikuwa ndogo kadiri mtu alivyokuwa mkubwa. Jinsia haikubadili kitu, wala rangi ya jicho.

Kinachochoka zaidi ni ule msuli wa spoki, na amri za neva zinazouendesha hupungua pia. Mboni ya mzee hubana kwa kasi ndogo, na ikishabana huchelewa kufunguka. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na baada ya jua kuzama huchukua kama dakika 20 tu giza kuingia. Mzee anayetoka uani kwenda msikitini wakati wa magharibi hushikwa na giza mboni yake ikiwa bado inajivuta. Umeme wa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ulifika kisiwani mwaka 2010, lakini taa moja hafifu katikati ya chumba haimtoshi mtu wa umri huo. Miwani hukusanya mwanga mahali pake, haiuongezi. Taa nzuri karibu na mkono ina faida zaidi kuliko kubadilisha miwani kila mwaka.

Udogo huo wa mboni nao una neema yake. Tundu dogo hufanya vitu vya karibu na vya mbali vionekane bila ukungu mwingi, ilimradi mwanga uwe mwingi. Ndiyo maana bibi wa kofia hulifuata jua: juani mboni yake hubana zaidi, na tundu la kiua hukaa wazi mbele yake. Hajasoma fizikia ya lenzi, na hakosei.

Mboni ndogo ya uzee si ugonjwa. Ila mboni moja ikitanuka ghafla kuliko ile nyingine, au kope ya juu ikalegea na kushuka, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Utafiti wa Unguja na Pemba kwa watu wa miaka 50 na zaidi, uliochapishwa 2007, ulikuta mtoto wa jicho ndiye chanzo kikuu cha upofu. Tiba yake ni upasuaji, na daktari huhitaji mboni iliyotanuka ili afike kwenye lenzi yenye ukungu. Tangu 2005 inajulikana kuwa tamsulosini, dawa wanayopewa wanaume wengi wenye tezi dume iliyovimba, huufanya ule mduara wa kahawia ulegee na mboni ibane katikati ya kazi. Kuacha dawa siku chache kabla hakusaidii sana; kinachosaidia ni daktari kujua mapema. Ukimpeleka babu kupasuliwa jicho, beba na pakiti ya vidonge vyake.