Wakuba na Wahaiti wa Miami

Wakuba na Wahaiti wa Miami ni jumuiya mbili za wahamiaji kutoka nchi za Karibi wanaoishi kusini mwa jimbo la Florida, Marekani. Zote mbili zilikua katika nusu ya pili ya karne ya 20, zote zilitoka katika nchi zilizotawaliwa kwa mabavu, na watu wengi wa pande zote mbili walifika kwa mashua kupitia bahari ileile. Hata hivyo hali zao za kiuchumi na kijamii zilitofautiana sana. Wakuba walipata nguvu kubwa katika biashara na siasa za mji, ilhali Wahaiti kwa muda mrefu walibaki katika kazi za mishahara midogo, wengi wao bila vibali vya kudumu.

Kwa sababu hiyo Miami imekuwa mfano unaotumiwa mara nyingi na wanasosholojia wanaochunguza mambo yanayoamua maisha ya mhamiaji ugenini. Elimu na mali anazokuja nazo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni jinsi serikali ya nchi mpya inavyompokea, na kama anakuta wenzake waliokwisha kujenga uchumi wao.

Asili ya uhamiaji

Wakuba

Tarehe 1 Januari 1959 dikteta Fulgencio Batista alikimbia Kuba, na wanamapinduzi wa Fidel Castro wakachukua madaraka. Kati ya mwaka huo na 1962 watu zaidi ya 200,000 waliondoka kwenda Marekani. Wengi wa kundi hili la kwanza walikuwa wafanyabiashara, mawakili, madaktari, mameneja na wenye mashamba ambao mali zao zilitaifishwa. Walichagua Miami kwa sababu ilikuwa karibu, na kwa sababu walitarajia kurudi nyumbani baada ya muda mfupi.

Kati ya 1965 na 1973 ndege maalumu zilizokubaliwa na serikali zote mbili zilileta wengine wapatao 300,000. Kundi hili lilikuwa na watu wengi zaidi wa tabaka la kati na mafundi. Mwaka 1980 Castro alifungua bandari ya Mariel, na ndani ya miezi michache Wakuba 125,000 hivi walivuka bahari kwa mashua. Hawa walikuwa hasa wafanyakazi wa kawaida, na kati yao walikuwemo watu weusi wengi kuliko katika makundi yaliyotangulia.

Wahaiti

Nchini Haiti François Duvalier alichukua urais mwaka 1957. Alitawala kwa kutumia wanamgambo walioitwa Tonton Macoute, na alipofariki mwaka 1971 alirithiwa na mwanawe Jean-Claude, aliyepinduliwa mwaka 1986. Wa kwanza kukimbia utawala huu walikuwa wasomi, lakini wengi wao hawakwenda Miami. Walihamia New York, Montréal na hata Kongo, ambako baada ya uhuru wa 1960 walimu na wataalamu wa Haiti waliajiriwa kwa wingi kwa kuwa walizungumza Kifaransa.

Waliofika Florida walikuwa hasa wakulima wadogo na maskini wa mijini. Mnamo Desemba 1972 mashua yenye Wahaiti 65 ilitia nanga Pompano Beach, kaskazini mwa Miami, na nyingine zilifuata. Safari yao ilikuwa ya takriban kilomita 1,000, kulinganisha na kilomita 150 hivi kutoka Kuba hadi ncha ya Florida, na watu wengi walizama njiani. Mwaka 1980, wakati wa msafara wa Mariel, Wahaiti wapatao 25,000 nao walifika.

Mapokezi ya serikali

Tofauti kubwa kati ya jumuiya hizi ilianza siku ya kufika.

Wakati wa Vita Baridi kila Mkuba aliyekimbia alihesabiwa kuwa shahidi dhidi ya ukomunisti. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy alianzisha mpango wa kuwasaidia wakimbizi wa Kuba. Mpango huu uliwapa fedha za kujikimu, matibabu, mafunzo ya kazi na mikopo ya masomo. Hadi katikati ya miaka ya 1970 ulikuwa umegharimu karibu dola bilioni 1. Jengo refu katikati ya Miami lililotumika kama ofisi ya kuwapokea kuanzia 1962 hadi 1974 linajulikana hadi leo kama Mnara wa Uhuru. Mwaka 1966 Bunge la Marekani lilipitisha sheria maalumu iliyomruhusu Mkuba kuomba ukaaji wa kudumu baada ya kukaa nchini miaka 2. Baadaye muda huo ulipunguzwa kuwa mwaka 1. Hakuna taifa lingine lililopewa haki ya namna hiyo.

Utawala wa Duvalier, kwa upande mwingine, ulikuwa rafiki wa Marekani. Kwa hiyo Wahaiti waliitwa wahamiaji wa kiuchumi, yaani watu waliokimbia umaskini na si mateso. Waliofika walifungwa katika vituo vya kizuizi, kikiwemo kituo cha Krome nje ya Miami, na maombi yao ya hifadhi yalipitiwa kwa haraka. Mwaka 1980 jaji wa mahakama ya shirikisho, James Lawrence King, aliamua kwamba idara ya uhamiaji ilikuwa imewabagua: kati ya Wahaiti zaidi ya 4,000 ambao maombi yao yalishughulikiwa chini ya utaratibu huo, hakuna hata mmoja aliyekubaliwa.

Mwaka uliofuata Rais Ronald Reagan alipatana na serikali ya Haiti ili walinzi wa pwani wa Marekani wakamate mashua baharini na kuzirudisha. Katika miaka kumi ya kwanza ya utaratibu huo Wahaiti wapatao 23,000 walikamatwa, na walioruhusiwa kuingia ili kuomba hifadhi hawakufika 30. Baada ya mapinduzi ya kijeshi dhidi ya Rais Jean-Bertrand Aristide mwaka 1991, maelfu walizuiliwa katika kambi ya Guantánamo, ambayo iko katika ardhi ya Kuba.

Wakuba nao walianza kuzuiwa baharini mwaka 1994. Lakini kuanzia 1995 hadi Januari 2017 Mkuba aliyefaulu kukanyaga nchi kavu aliruhusiwa kubaki. Mhaiti aliyetua kwenye ufuo huohuo alikuwa wa kufukuzwa.

Hali ya kiuchumi

Biashara za Wakuba

Wakuba wa kwanza walifika bila mali, kwa kuwa hawakuruhusiwa kutoka nayo. Wengi walifua nguo, waliosha vyombo au waliendesha teksi. Lakini walikuwa na ujuzi, walifahamiana, na walikuwa na vibali. Katika miaka ya 1960 baadhi ya benki za Miami ziliajiri maofisa Wakuba, na hao walitoa mikopo midogo bila dhamana ya mali. Waliangalia sifa aliyokuwa nayo mkopaji huko Havana. Mtu aliyejulikana kuwa mfanyabiashara mwaminifu alikopeshwa hata kama mfukoni hakuwa na kitu.

Kwa njia hii zilianzishwa kampuni za ujenzi, viwanda vya nguo, maduka, kliniki na nyumba za uchapishaji, hasa katika mtaa wa Little Havana na mji jirani wa Hialeah. Mkuba aliweza kuajiriwa na Mkuba, kutibiwa na daktari Mkuba na kununua kwa Mkuba bila kujua Kiingereza. Miami yenyewe ikawa kituo cha biashara kati ya Marekani na Amerika ya Kilatini, na lugha ya Kihispania ikawa mtaji.

Kazi za Wahaiti

Wahaiti waliingia katika ajira ambazo wengine hawakuzitaka. Walifanya usafi hotelini, walipika na kuosha vyombo mikahawani, walihudumia wazee na wagonjwa, na walichuma nyanya huko Immokalee na mazao mengine karibu na Belle Glade. Asiye na kibali hakuweza kukopa benki wala kudai haki zake kwa mwajiri.

Mtaa wao mkuu ni Little Haiti, uliojulikana zamani kama Lemon City. Humo zilianzishwa biashara ndogondogo kama maduka ya vyakula, vinyozi, mafundi magari na ofisi za kutuma fedha. Mtaji ulipatikana kwa njia inayofanana na upatu wa Afrika Mashariki: watu huchanga kiasi sawa kila wiki au kila mwezi, na kila mmoja hupokea fedha zote kwa zamu. Wahaiti huuita "sòl". Njia hii ilisaidia kulipa kodi ya nyumba au kununua bidhaa za duka, lakini haikutosha kuanzisha kiwanda.

Mzigo mwingine ni wajibu wa kusaidia ndugu waliobaki nyumbani. Katika miaka ya karibuni fedha zinazotumwa Haiti na Wahaiti wote walioko ng'ambo zimefikia takriban sehemu moja ya tano ya pato la nchi hiyo.

Hali ya kijamii

Rangi. Wakuba wengi wa makundi ya kwanza walihesabiwa kuwa weupe. Wahaiti walikuwa weusi katika jimbo ambalo ubaguzi wa kisheria ulikuwa umeondolewa miaka michache tu kabla ya kufika kwao. Walipanga nyumba karibu na mitaa ya Wamarekani weusi, ambao wao wenyewe walibanwa na ukosefu wa kazi. Shuleni watoto wa Kihaiti walichekwa kwa mavazi na lafudhi yao. Baadhi walificha asili yao na kujifanya Wamarekani au watu wa Bahama.

Afya na unyanyapaa. Mwaka 1983 taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliwaorodhesha Wahaiti kuwa kundi lililo hatarini kupata UKIMWI. Orodha hiyo ilirekebishwa mwaka 1985, lakini madhara yalikuwa yametokea: watu walipoteza kazi na watoto walitengwa. Mwaka 1990 Wahaiti walikatazwa kuchangia damu, na marufuku hiyo iliondolewa baada ya maandamano makubwa huko New York.

Lugha. Tayari mwaka 1963 shule ya msingi ya Coral Way ilianza kufundisha kwa Kiingereza na Kihispania ili kuwahudumia watoto wa Kikuba. Krioli ya Haiti ilichelewa kutambuliwa, lakini sasa karatasi za kura na matangazo ya kaunti ya Miami-Dade hutolewa kwa lugha zote tatu.

Dini na vyama. Wahaiti walijipanga hasa kupitia makanisa. Parokia ya Notre Dame d'Haiti iliunganisha ibada na mafunzo ya Kiingereza na ushauri wa kisheria. Padre Gérard Jean-Juste aliongoza kituo cha wakimbizi kilichofungua kesi dhidi ya serikali.

Siasa

Wakuba walipata uraia mapema na kupiga kura kwa wingi. Mwaka 1985 Xavier Suarez alikuwa meya wa kwanza wa Miami aliyezaliwa Kuba, na mwaka 1989 Ileana Ros-Lehtinen alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Wahaiti walihitaji kwanza kupata vibali. Sheria ya 1986 iliwapa ukaaji wa kudumu wengi wa waliofika hadi mwisho wa 1981, na sheria nyingine ya 1998 iliwasaidia waliofika baadaye. Mwaka 2001 Joe Celestin alikuwa Mhaiti wa kwanza kuchaguliwa meya wa North Miami.

Maelezo ya wataalamu

Mwaka 1980 ni muhimu katika ulinganisho huu, kwa sababu Wakuba wa Mariel na Wahaiti walifika wakati mmoja, wakiwa maskini, na wote walipewa hadhi ileile ya muda. Wanasosholojia Alejandro Portes na Alex Stepick, walioandika kitabu City on the Edge (1993), waliwafuatilia. Waliona kwamba ukosefu wa kazi kati ya Wahaiti ulikuwa mkubwa zaidi kwa mbali. Kwa wastani Wakuba walikuwa na elimu zaidi, lakini pia walikuta jamaa wenye biashara, na wengi waliajiriwa na Wakuba wenzao. Kwa hiyo msaada waliopewa Wakuba wa miaka ya 1960 uliendelea kuwafaa waliokuja miaka 20 baadaye.

Maelezo haya hayapaswi kufanywa kuwa kanuni isiyo na mapengo. Wakuba waliofika tangu 1980 kwa wastani wana kipato kidogo kuliko waliotangulia, na Wakuba weusi hawakunufaika sawa na weupe. Kati ya Wahaiti nako wamo wauguzi, walimu, mawakili na wenye nyumba huko North Miami na Miramar, hasa katika kizazi kilichozaliwa Marekani.

Karne ya 21

Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010, Wahaiti waliokuwa tayari Marekani walipewa hifadhi ya muda. Hifadhi hiyo imeongezwa na kutishiwa kufutwa mara kadhaa, hivyo watu walioishi na kufanya kazi kwa miaka mingi hawana uhakika wa kubaki. Huko Little Haiti bei za ardhi zimepanda na wapangaji wengi wamehamia mbali zaidi.

Upendeleo wa Wakuba nao umepungua. Wengi walioingia kupitia mpaka wa Meksiko baada ya 2021 walipewa hati isiyohesabiwa kuwa ruhusa halali ya kuingia, kwa hiyo hawawezi kutumia sheria ya 1966.

Mnamo Januari 2023 serikali ya Marekani iliweka raia wa nchi zote mbili, pamoja na Wavenezuela na Wanikaragua, katika mpango mmoja wa kuingia kihalali kwa miaka 2 kwa kudhaminiwa na mkazi wa Marekani. Waliingia Wahaiti zaidi ya 200,000 na Wakuba zaidi ya 100,000. Mkuba aliyeingia kwa mpango huo aliweza kuomba ukaaji wa kudumu baada ya mwaka mmoja, kwa sheria ya 1966. Mhaiti hakuwa na njia hiyo. Mpango ulipofutwa mwaka 2025, watu waliofika kwa masharti yaleyale walijikuta tena katika hali mbili tofauti.