Elimu ya mbizi ivuke ukuta wa hoteli

Kwenye mabwawa ya hoteli za Mbezi Beach, Dar es Salaam, somo la kwanza la kupiga mbizi hufanyika kwenye kina kisichozidi kimo cha mtu. Wanafunzi wanapiga magoti sakafuni, mitungi mgongoni, macho kwa mkufunzi. Anaruhusu maji yajae kwenye miwani yake, anabana ukingo wa juu kwa vidole, anainua uso kidogo na kutoa pumzi kwa pua. Maji yanatoka yote. Zamu ya mwanafunzi ikifika, wengi hukurupuka kwenda juu, kwa sababu mwili ukihisi maji puani hauna subira ya kusikiliza maelekezo. Ndiyo maana zoezi hilo hurudiwa mpaka lizoeleke, na ndiyo maana hufanyiwa bwawani kabla boti haijaelekea kisiwa cha Mbudya.

Hapo hapo hufundishwa lugha ya mikono. Kijana wa Dar aliyezoea kutoa dole kwamba mambo ni safi huambiwa mapema aache: chini ya maji, kidole gumba kikielekezwa juu maana yake ni "tupande". Kusema uko salama, unaunganisha kidole gumba na cha shahada vikawa duara. Mwenza akikosea ishara hiyo kwenye mita 15, mbizi imeisha.

Elimu yenyewe haina siri. Kwa utaratibu wa PADI, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, anayeanza anatakiwa awe ametimiza miaka 10, aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika 10. Akifuzu, mtu mzima anaruhusiwa kushuka hadi mita 18. Sehemu kubwa ya anachojifunza ni tabia ya hewa. Shuka na chupa ya plastiki yenye hewa, kizibo kimefungwa, na ukifika mita 10 utaiona imebonyea, hewa yake imebaki nusu. Anayevuta pumzi kutoka kwenye mtungi akiwa kina hicho, kisha akaizuia na kupanda, mambo yanageuka: hewa inatanuka ndani ya mapafu hadi kuyapasua. Hatari hiyo ipo hata ndani ya bwawa. Kwa hiyo amri ya kwanza ya mzamiaji ni kutobana pumzi kamwe.

Amri ya pili ni kupanda taratibu. Naitrojeni inayoingia mwilini chini ya mgandamizo inahitaji muda wa kutoka. Mtu akikimbilia juu inageuka mapovu kwenye damu na viungo, na mapovu hayo yanaweza kumwacha amepooza. Vyama vingi vya wazamiaji hushauri kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka. Halafu kuna la ndege: baada ya mbizi moja, mapumziko kabla ya kuruka yasipungue saa 12, baada ya mbizi kadhaa, saa 18. Ushauri huu una uzito wa pekee Tanzania, ambako mgeni hupiga mbizi leo na kesho yuko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Mgeni yule ameambiwa haya yote. Wanaokaa kwenye maji miaka nenda miaka rudi, ni nani amewaambia?

Mwambao huu una watu wanaoishi kwa kuzama: wavuvi wa pweza na kamba koche wanaotegemea pumzi zao, na wazamiaji wa majongoo bahari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu uvuvi wa majongoo bahari Zanzibar ulieleza makundi ya wazamiaji wenye mitungi yanayohama kutoka eneo hadi eneo kufuata mali inayozidi kuadimika. Mali ikiisha kwenye maji mafupi, watu hushuka zaidi na kurudia mbizi nyingi kwa siku. Kwa mtu ambaye hajawahi kufundishwa kusoma geji wala saa, maumivu ya viungo usiku ni uchovu wa kazi tu. Tiba ya ugonjwa huo wa mapovu huanza na oksijeni safi na kuishia kwenye chumba cha mgandamizo. Vyumba hivyo vinahesabika Afrika Mashariki. Matemwe, kaskazini mashariki mwa Unguja, ni mahali pamoja kilipowahi kuwekwa. Mgonjwa wa Dar akibebwa kwa ndege kwenda kutibiwa, inabidi ndege iruke chini sana ili mapovu yasizidi kukua.

Bahari ya hapa ilikuwa na hatari nyingine isiyo kwenye vitabu vya mbizi vya Ulaya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, lakini baruti za uvuvi haramu ziliendelea kulipuka jirani kwa miongo. Machi na Aprili 2015 watafiti walisafiri pwani ya Tanzania wakivuta vinasa sauti majini. Walihesabu vishindo 318, na zaidi ya nusu vilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Maji husafirisha mshindo kwa nguvu kuliko hewa, na aliyeko chini hana pa kujificha. Operesheni za vyombo vya dola zilizofuata zilipunguza sana uovu huo. Hata hivyo, mafunzo ya mbizi katika jiji hili yanapaswa kuendelea kuwaeleza wanafunzi nini cha kufanya wakisikia kishindo.

Halafu kuna siku za msiba. Mei 21, 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Watu walikuwa hai ndani, wakigonga. Tundu lilipokatwa kwenye tumbo la meli, hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ilitoka, meli ikazama.  Wazamiaji wa kuopoa miili ilibidi watoke hadi Afrika Kusini. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika ziwa hilo hilo, wazamiaji walimtoa mhandisi Alphonce Charahani akiwa hai baada ya siku mbili, kwa kuwa alikuwa amepata sehemu yenye hewa. Likoni, Mombasa, mwaka 2019, gari lililotumbukia kutoka kivukoni likiwa na mama na mtoto lilikuwa kwenye mita 58, chini kabisa ya mpaka wa mita 40 wa mbizi za starehe, na lilitolewa siku ya 13. Na Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba, aliyefika mapema ni mvuvi, Majaliwa Jackson, akiwa na kasia. Serikali ilimwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akapate mafunzo. Ilikuwa haki yake. Ila wavuvi kama yeye wako kila diko, na mafunzo yangewafaa kabla ya ajali.

Mifano ya kutoa elimu hii nje ya hoteli ipo. Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi ya stara, na baadhi yao wakawa wakufunzi. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilitambuliwa na World Press Photo mwaka 2018. Mwanza, shirika la EMEDO linafanya kazi ya kuzuia vifo vya maji kwenye jamii za wavuvi wa Ziwa Victoria.

Kinondoni, wilaya yenye hoteli hizi za Mbezi Beach, haikosi vifaa. Umoja wa Mataifa umetenga Julai 25 kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama, na Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo hivyo vilifika takribani 300,000 mwaka 2021. Julai ni msimu wa kusi: bahari imechafuka, safari za mbizi hupungua na mabwawa hayana watu wengi siku za kazi. Hoteli zingefungua milango siku hizo kwa wavuvi wa Kunduchi, manahodha wa boti za Mbudya na walimu wa shule za jirani. Wafundishwe kuelea, kumrushia anayezama dumu tupu lenye kamba badala ya kumrukia, kumpulizia pumzi aliyetolewa majini, na kumpa oksijeni aliyepanda haraka. Kwa hayo hakuna anayehitaji hata mtungi wa kupigia mbizi.