Hewa ya Nje kwa Jiko la Nyumbani

Ndugu mkulima, wewe wajua vema kwamba mbegu haioti bila ya maji. Fahamu vivyo hivyo ya kuwa moto hauwaki bila ya hewa. Ratli moja ya kuni kavu huhitaji ratli 6 za hewa, na pengine zaidi, ili iteketee sawasawa. Hewa hiyo yatoka wapi? Yatoka katika chumba kile kile ambamo mkeo na watoto wako wavuta pumzi.

Katika nchi za baridi, kama Njombe na Lushoto, watu hufunga milango wakati wa kipupwe na kuziba kila tundu ili joto lisipotee. Lakini moshi upandapo dohani, hapana budi hewa nyingine iingie mahali pake. Ikikosa njia, moto hufifia, moshi hurudi ndani, na kuni huisha chakula hakijaiva. Tena moto unaonyimwa hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya uhai. Aivutaye huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na huweza kufa usingizini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2, na katika hao watoto wa chini ya miaka 5 walipita 237,000.

Basi upatie moto njia yake wenyewe ya hewa. Fanya hivi:

1. Chimba mfereji chini ya sakafu, kutoka nje ya ukuta hata chini ya jiko, upana wake kiasi cha inchi 6. Chagua upande ambao uwanja ni wa chini kuliko sakafu, na mfereji uinamie nje, maji ya mvua yasiingie.

2. Ujengee kwa matofali ya kuchoma au mawe, uufunike kwa mawe bapa, kisha ushindilie udongo juu. Usitumie mianzi wala mbao karibu na jiko, maana zitashika moto.

3. Mdomo wa ndani uishie chini ya vyuma vinavyobeba kuni. Acha nafasi ya majivu, nawe uyazoe kila siku yasizibe njia.

4. Mdomo wa nje uelekee upande utokako upepo, uwe mbali na choo, zizi na nyasi kavu. Uwekee wavu wa waya, panya na nyoka wasipite.

5. Jiko liwe na kimlango. Ukiisha kutia kuni, kifunge. Kikiwa wazi, moto utavuta hewa ya chumbani, na taabu yako yote itakuwa bure.

Sasa jaribu kazi yako. Moto ukiwaka vizuri, shika unyasi unaofuka moshi karibu na mdomo wa nje. Moshi ukivutwa ndani, kazi ni njema. Ukisukumwa nje, tazama dohani na mfereji, kwani pana kizuizi.

Angalia sana mambo manne. Mfereji haushiki mahali pa dohani. Dohani ipite kilele cha paa kwa futi 2 au zaidi, wala isiguse nyasi za paa. Usizibe njia za hewa maadamu makaa yangali mekundu. Na jiko la mkaa lisilo na dohani usiliingize kabisa katika chumba cha kulala, hata baridi ikizidi namna gani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tundu hili umelifanya kwa akili, nalo ni pumzi ya moto na ulinzi wa watoto wako, usilizibe. Anza kuchimba kabla ya mwezi wa Juni, baridi isije ikakukuta hujawa tayari.